Chupa Moja, Ahadi Mbili

Katika mji mdogo wa Taketoyo, kwenye rasi ya Chita mkoani Aichi, Japani, yapo maghala yenye mapipa ya mbao yanayomzidi mtu mzima kimo. Juu ya kila pipa limepangwa rundo la mawe. Chini ya mawe hayo kuna soya iliyopikwa kwa mvuke, ikaoteshwa ukungu, ikatiwa maji ya chumvi kwa uchache, na sasa imelala. Italala mwaka mzima, pengine miwili, pengine mitatu. Majimaji meusi hujikusanya taratibu ndani ya mrija uliosimamishwa katikati ya pipa; fundi huyachota kwa upawa na kuyamwaga tena juu ya mawe, yashuke upya. Kinachopatikana mwishoni ni kizito, cheusi, na ladha yake hukaa ulimini muda mrefu baada ya tonge kumezwa. Wenyewe wanakiita tamari.

Tamari ni jibu la zamani kwa swali la siku hizi. Mtu ambaye daktari amemkataza gluteni, protini iliyomo katika ngano, au ambaye presha imemlazimisha kuhesabu chumvi, huingia dukani akitafuta chupa moja itakayomtimizia yote mawili. Chupa hizo zipo, na bei yake ni ya juu kuliko ya soya sosi ya kawaida. Ila ahadi zake mbili hazitimizwi mahali pamoja. Ya kwanza hutimizwa kabla ya kazi kuanza, mtengenezaji anapoamua nafaka gani iingie pipani. Ya pili, kwa kawaida, hutimizwa kazi ikishakwisha, chumvi inapotolewa katika sosi iliyokwisha kuiva. Na zote mbili zinaweza kuvunjwa na mtu mmoja kwa dakika moja: mpishi wa nyumbani.

Soya sosi inayotengenezwa kwa wingi zaidi Japani inaitwa koikuchi. Peke yake huchukua zaidi ya asilimia 80 ya uzalishaji wa nchi hiyo. Ndani yake soya na ngano hukaribia kulingana kwa kiasi. Soya hupikwa kwa mvuke, ngano hukaangwa na kupondwa, kisha vyote hupandwa ukungu uitwao koji, ambao wanasayansi huujua kwa jina la Aspergillus oryzae. Nchi nyingine zina ndege wa taifa au ua la taifa. Japani ina pia ukungu wake: mwaka 2006 jumuiya ya wataalamu wa utengenezaji pombe nchini humo iliutangaza koji kuwa ukungu wa taifa, na ukitazama miso (rojo la soya iliyochachushwa), sake (pombe ya mchele) na soya sosi, zote zikiwa kazi ya ukungu huohuo, hutauona uamuzi huo kuwa wa mzaha.

Koji hukatakata protini kuwa asidi amino na wanga kuwa sukari. Baada ya hapo mchanganyiko hutumbukizwa katika maji ya chumvi na kuachwa miezi kadhaa. Ngano hapo haikuwekwa kujaza pipa. Wanga wake huzaa sukari, sukari huilisha hamira, na hamira ndiyo huleta ile harufu tamu inayoelekea pombe, ambayo humpata mtu puani kabla hajaonja. Ngano ikiondolewa, sehemu ya harufu hiyo huondoka nayo. Kwa upande mwingine, pipa lenye soya tupu lina protini nyingi zaidi, na protini ikivunjika hutoa glutameti, kitu ambacho Kikunae Ikeda, mkemia wa Tokyo, alikitenga kutoka katika mwani wa kombu mwaka 1908 na kuipa ladha yake jina la umami. Kwa hiyo tamari hunukia kwa upole lakini hukoleza kwa nguvu. Mpishi aliyezoea soya sosi ya kawaida akiitumia kwa kipimo kilekile, chakula humtoka cheusi na kizito kuliko alivyokusudia.

Masimulizi ya Wajapani huirudisha tamari kwa mtawa wa Kibudha aitwaye Kakushin, aliyerejea kutoka China mwaka 1254 akiwa amejifunza kutengeneza aina ya miso. Inasemekana majimaji yaliyojitenga ndani ya mapipa yake, katika mji wa Yuasa nchini Japani, yalionekana kufaa kupikia. Iwe ndivyo au sivyo, mpangilio wenyewe unaaminika: kwanza walipata miso, mchuzi ukafuata.

Hata hivyo neno tamari si cheti. Wapo watengenezaji wanaotia ngano kidogo kwenye tamari yao, na sheria za Japani hazikatazi. Wapo pia wasiotengeneza tamari kabisa, bali huitoa ngano katika koikuchi na kuweka mchele mahali pake, na sosi yao ikawa haina gluteni na inakaribia harufu ya ile ya kawaida. Anayetafuta uhakika hasomi jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Husoma orodha ya viambato nyuma ya chupa, kisha hutafuta tamko kwamba bidhaa haina gluteni.

Uhakika huo ni wa nani? Kwa watu walio wengi gluteni ni protini kama nyingine, na kulipa zaidi kwa ajili ya kuikwepa ni kutupa fedha. Wenye ugonjwa wa siliaki ni habari nyingine. Kinga yao huichukulia gluteni ya ngano, shayiri na rai kama adui, na vita hivyo hupiganwa kwenye kuta za utumbo mdogo mpaka ushindwe kufyonza chakula. Daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akiushuku mkate tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa ya vita, mkate ukaadimika, na wagonjwa wa Dicke, watoto wenye siliaki, badala ya kudhoofu kama wenzao, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Mwaka 1950 aliandika matokeo yake katika tasnifu ya udaktari.

Duniani ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Wengi Afrika huuhesabu kuwa maradhi ya Wazungu, lakini kiwango cha juu sana kilichowahi kuripotiwa kimetoka barani humu. Watoto wa Kisahrawi, jamii ya Sahara Magharibi, walipopimwa, asilimia 5.6 walikutwa nao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Hao ni watu ambao wazee wao waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia, tende na nafaka kidogo, kabla ngano haijawa chakula chao cha kila siku.

Ipo hoja inayorudiwa sana na wapenzi wa soya sosi ya kawaida: ngano imekaa pipani miezi 6, protini zake zimekatikakatika, gluteni imekwisha. Hoja hiyo ni nusu kweli, na nusu kweli ndiyo hatari. Maabara mara nyingi huikuta soya sosi ya kawaida ikiwa chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo, kikomo ambacho Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, imekiweka ili chakula kiitwe kisicho na gluteni. Kasoro iko kwenye kipimo. Kipimo kinachotumika zaidi hukamata kipande cha protini kwa kukishika sehemu mbili, kwa hiyo kipande kifupi hupita bila kushikwa, ingawa huenda bado kina uwezo wa kuichokoza kinga ya mgonjwa. Ni sawa na kuvua kwa jarife la papa: likirudi tupu, hujajua kama baharini hamna dagaa. Ndiyo sababu Agosti 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa kanuni kuhusu vyakula vilivyochachushwa: mtengenezaji anayetaka kuandika kwamba chakula chake hakina gluteni lazima awe na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba malighafi hazikuwa na gluteni kabla ya kuchachushwa. Yaani kinachokaguliwa ni kilichoingia pipani.

Chumvi ina mwendo wake. Hiyo haiwezi kuachwa nje tangu mwanzo, kwa sababu ndani ya pipa yenyewe ndiyo askari. Mchanganyiko unaochachuka huwa na chumvi ya asilimia 16 hadi 18 hivi, kiwango kinachoua au kulaza bakteria waharibifu na kuwaachia nafasi wale wachache wastahimilivu wanaojenga ladha. Ukipunguza chumvi hapo, utapata uozo. Kwa hiyo viwanda vikubwa huiacha sosi iive kikamilifu kwa chumvi yake yote, kisha huipitisha kwenye tando maalumu kwa nguvu ya umeme, na chumvi hutoka huku sehemu kubwa ya ladha na harufu ikibaki. Kazi hiyo ni ya gharama, na bei ya chupa huonyesha.

Nyongeza ya maji ingekuwa rahisi zaidi, lakini mtu anaweza kufanya hivyo nyumbani kwake bure.

Sasa hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha soya sosi ya kawaida, mililita 15, kina takriban miligramu 900 za sodiamu. Vijiko viwili vinakaribia kumaliza posho ya siku nzima kabla chapati, mkate, samaki wa chumvi na supu havijahesabiwa. Chupa iliyopunguzwa chumvi kwa asilimia 40 ina miligramu 540 hivi kwa kijiko. Ni nafuu kubwa, mpaka pale mpishi anapojiambia kwamba hii haina chumvi na kumimina vijiko viwili: 1,080, zaidi ya kile kijiko kimoja alichokuwa akikiogopa.

Lebo nazo zina lugha yake. Marekani, kuitwa iliyopunguzwa sodiamu kunahitaji upungufu wa angalau asilimia 25 ukilinganisha na bidhaa ya kawaida. Kuitwa yenye sodiamu kidogo kunahitaji isizidi miligramu 140 kwa kipimo cha mlo mmoja, na ni nadra soya sosi kufika huko. Kwa hiyo chupa mbili zinazojisifia jambo moja zinaweza kuachana mbali sana. Mtego mbaya zaidi ni neno la Kiingereza «light», lililojaa kwenye chupa za Kichina zinazouzwa Afrika Mashariki. Mara nyingi hapo linasema habari ya rangi. Sosi hiyo nyepesi ya Kichina ni ya chumvi hasa, na ile ya Kijapani yenye rangi ya maji ya kunde, usukuchi, ina chumvi nyingi kuliko nyeusi yake. Mtu mwenye presha akichagua kwa kuangalia weupe atajidhuru akidhani anajitunza.

Jambo la kuangalia kwa makini ni potasiamu. Watengenezaji wengine hupunguza sodiamu kwa kuweka kloridi ya potasiamu, ambayo nayo ina uchumvi wenye uchungu kwa mbali. Kwa watu wengi ni faida. Nchini China, utafiti uliohusisha vijiji 600 na watu 20,995 uliwapa baadhi yao chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kupungua kwa asilimia 14. Lakini mwenye figo dhaifu, au anayemeza dawa fulani za presha zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, anaweza kufikwa na madhara ya moyo. Huyo aongee na daktari kabla ya kununua.

Na ipo soya sosi ambayo haikuonja pipa kabisa. Unga wa soya huchemshwa kwa asidi ya hidrokloriki, hutiwa rangi na sukari, na baada ya siku chache iko sokoni. Mwaka 2001 wakaguzi wa chakula wa Uingereza walikuta baadhi ya soya sosi za madukani zikiwa na kemikali iitwayo 3-MCPD, inayoweza kujitokeza katika utengenezaji wa namna hiyo. Kwenye lebo hutambulika kwa maneno yanayotaja protini ya mimea iliyovunjwa. Hata ikiwa haina ngano, harufu inayojengwa na uchachushaji haimo.

Tukirudi kwenye chumvi, umami ndio unaomwezesha mpishi kuikwepa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2009, sehemu ya chumvi iliondolewa na soya sosi iliyochachushwa kwa asili ikachukua nafasi yake. Chumvi ilipungua kwa nusu kwenye sosi ya saladi, asilimia 29 kwenye nyama ya nguruwe ya kukaanga na asilimia 17 kwenye supu ya nyanya, na waonjaji hawakuona chakula kimepooza. Siri iko katika neno nafasi. Soya sosi inayokuja juu ya chumvi iliyokwisha kutiwa haipunguzi kitu.

Chukua wali wa jana, ambao ndio mlo soya sosi huzoeana nao haraka zaidi. Wali uwe umelala kwenye jokofu, umekauka, punje zinaachana. Kikaango kipate moto hasa. Kitunguu maji, hoho na karoti vitangulie, kitunguu saumu na tangawizi vifuate kwa nusu dakika, vikikaa zaidi vitaungua na kuwa vichungu. Yai lisukumiwe pembeni liive, kisha wali uingie na ugeuzwe mpaka uanze kupasukapasuka. Chumvi haijatajwa mpaka hapa, na haitatajwa. Kwa watu wanne, vijiko vinne vya chai vya tamari iliyopunguzwa chumvi vinatosha, vipimwe kwa kijiko, visimiminwe kutoka mdomoni mwa chupa. Vimwagwe ukingoni mwa kikaango, si katikati ya wali: pale kwenye chuma cha moto sosi huchemka ghafla, harufu yake hupanda, na wali huipokea ikiwa imeshaungua kidogo. Ndimu ikamuliwe juu mwishoni. Ukali wake huufanya ulimi uone chumvi kuliko iliyopo.

Kiasi hicho, kwa chupa iliyopunguzwa asilimia 40, ni miligramu 180 hivi za sodiamu kwa kila mlaji.

Michuzi inataka tahadhari ya aina nyingine. Nusu lita ya mchuzi ikichemka mpaka ibaki robo lita, kilichoondoka ni maji tu. Chumvi yote ingali sufuriani na sasa imekuwa mara mbili kwa kila upawa. Mpishi aliyeonja mwanzoni na kuridhika atashangaa mezani. Afadhali tamari iingie mchuzi ukishapungua, moto ukiwa chini au umezimwa, na hapo harufu nayo haiishii dirishani. Kuku wa kulowekwa ni rahisi zaidi kumdhibiti, kwa kuwa sehemu kubwa ya sosi hubaki bakulini, alimradi mpishi asishawishike kuyachemsha mabaki hayo yawe rojo. Rojo likihitajika, wanga wa mahindi au wa muhogo hulifanya bila ngano.

Kwa bahati, jiko la Afrika Mashariki limeshabeba nusu ya mzigo wa asiyekula gluteni. Ugali wa mahindi, wimbi, mtama, muhogo, ndizi, wali na maharage vyote ni salama. Hatari hujificha kwenye vyombo. Bhajia za dengu hazina ngano, lakini karai lililotoka kukaanga sambusa na maandazi lina chembe za unga ndani ya mafuta. Kibao cha chapati hakioshwi kikatakata kabisa. Mashine ya kusaga ya mtaani humaliza gunia la ngano na kupokea debe la wimbi bila kufagiliwa. Na anayenunua tamari ya bei kali kisha akachanganya na sosi ya chaza au teriyaki ya kawaida, ambazo mara nyingi zina ngano, amerudi alikotoka. Vidonge vya supu navyo visomwe: vingine vina ngano, na karibu vyote vina chumvi ya kutosha kuufuta uangalifu wote wa kwenye kijiko.

Chupa ikishafunguliwa ikae kwenye jokofu. Soya sosi yenye chumvi yake yote huvumilia kabati kwa muda, ingawa rangi huzidi kuwa nyeusi na harufu hufifia. Iliyopunguzwa imempoteza askari wake, na kwa sababu hiyo watengenezaji wengine huiongezea spiriti kidogo kuilinda. Chupa ndogo inayokwisha mapema ni bora kuliko chupa kubwa ya bei nafuu.

Wasioweza hata soya wamepata mbadala ambao mtu wa pwani ataukuta si mgeni. Huuzwa kama mchuzi wa nazi, lakini nazi yenyewe haimo. Ni utomvu wa karara la mnazi, uliochachushwa na kutiwa chumvi. Mtamu kuliko tamari, hauna gluteni, hauna soya, na aghalabu chumvi yake ni kidogo. Ufilipino huuza nje kwa wingi. Utomvu huohuo ndio mgema wa Kilifi au Mafia huushusha asubuhi kwenye kibuyu ukiwa bado tembo tamu. Zamani uliochemshwa mapema ukawa mzito uliitwa asali ya tembo. Ulioachwa ukapandisha povu uliingia kwenye mkate wa kumimina mahali pa hamira, pamoja na mchele uliosagwa na tui, bila chembe ya ngano. Na uliofika jioni bila kuguswa ulikuwa tembo kali, na huo haukurudi jikoni.